Kidani cha Mjukuu, Mkufu wa Dada

Shikamoo Shangazi,

Bibi yangu mzaa mama alifariki Pangani mwezi wa Rajabu. Ndiye aliyenilea, maana mama alifariki nikiwa darasa la pili. Siku mbili kabla ya kufa alimwita mama mkubwa akamwambia, "Kidani ni cha mjukuu wangu niliyemlea, mkufu ni wa binti yako." Mimi nilikuwa njiani natoka Dar es Salaam, sikumuwahi.

Baada ya arobaini mama mkubwa alifungua bweta. Mlikuwa na vitu viwili: cheni ndefu ya dhahabu yenye pauni inayoning'inia, na ushanga mwekundu, mzito, wenye tone la fedha katikati na punje chache za dhahabu. Dada, yule binti wa mama mkubwa, akaichukua cheni palepale akasema huo ndio mkufu. Mimi nikaachiwa shanga.

Nimefungua kamusi mbili. Kila moja inaeleza kidani kwa mkufu na mkufu kwa kidani, nimezunguka humo kama ng'ombe wa kinu cha mafuta. Mume wangu anataka niende mahakamani. Dada, niliyelala naye kitanda kimoja likizo za Pangani, hapokei simu zangu. Mimi usiku nalia, na sijui kama nalilia dhahabu au nalilia kwamba Bibi hakunipenda kama nilivyodhani. Je, nimedhulumiwa?

Mjukuu, Mbagala

*

Marahaba mwanangu. Pole kwa kufiwa, na pole kwa kufiwa mara ya pili pale bweta lilipofunguliwa.

Nikujibu swali lako bila kuzunguka, maana najua umelisubiri. Kwa upande wa maneno, hukudhulumiwa. Dada yako ameielewa kauli ya Bibi sawasawa. Kuna jambo alilolikosea, nitalifikia. Na kuna jambo ndani ya kauli ile ambalo wewe hujalisikia, nalo ndilo lililonifanya nikae na barua yako siku tatu kabla ya kushika kalamu.

Tuanze na mkufu. Mkufu ni jina la namna kitu kilivyofanyizwa. Sonara huvuta uzi wa dhahabu au fedha, akaukata vipete, akavipitisha kimoja ndani ya kingine na kuviunga kwa moto. Vikishashikana, huo ni mkufu, uwe umelala shingoni, uwe umeshika saa ya mfukoni ya mzee, au uwe juu ya meza haujavaliwa na mtu. Ukiwa mdogo unaitwa kikufu. Na angalia kwamba mkufu si mnyororo, ingawa vyote viwili ni pete zilizoshikana. Mnyororo ni wa nanga, wa mbwa, na huko kwenu Pangani, bandari iliyopitisha watumwa wengi katika karne ya 19, ulikuwa wa binadamu pia. Waliokaa na Kiswahili kabla yetu hawakukubali kinachoipamba shingo na kinachoifunga shingo viitwe jina moja. Sisi tumeleta "cheni", na sasa ya dhahabu ni cheni na ya bodaboda ni cheni. Silikatai neno, nami nalitumia sokoni. Lakini ndilo lililokufanya ufike mbele ya bweta la Bibi ukiwa na jina moja la kuitia vitu viwili.

Kidani ni neno la namna nyingine. Halikwambii kitu kimefanywaje, linakwambia kinakaa wapi na kinafanya kazi gani. Kidani ni pambo la shingoni, la kuvaliwa kikaonekana. Chaweza kuwa cha dhahabu, cha fedha, cha lulu, cha marijani, cha shanga za kioo. Kwa hiyo mkufu ukivaliwa shingoni kama pambo waweza kuitwa kidani, na hapo ndipo kamusi zilipokuzungusha. Hazikudanganya. Kamusi hukusanya maneno ya watu wa Lamu, wa Unguja, wa Mrima na wa bara, ikayaweka katika ukurasa mmoja, na maneno mawili yaliyo na mpaka wazi katika nyumba fulani yanaonekana kama ni jamaa wanaoazimana nguo.

Bibi yako hakuwa akitunga kamusi. Alikuwa na vitu viwili ndani ya bweta moja na pumzi chache za kuvigawa. Mtu akitaja majina mawili kwa mkupuo mmoja, kila jina humbana mwenzake. Katika bweta lile kitu kimoja tu ni mkufu kwa umbo lake. Kilichobaki ndicho kidani. Hata ukienda mahakamani, sioni hakimu atakayeisoma kauli ile vinginevyo.

Sasa sikiliza neno ambalo Bibi hakulisema. Hakusema shanga.

Wewe katika barua yako umeandika "nikaachiwa shanga", na nimeona namna ulivyoliandika, kama mtu anayesema ameachiwa makapi. Mwanamke wa umri wa Bibi yako, wa Pangani, alikuwa na maneno mengi ya kuchagua. Ushanga ni wa mtoto mchanga, afungwe kiunoni au mkononi aonekane anavyonenepa. Shanga ni za mwali akitoka ndani. Shanga za kiunoni, ambazo wazee waliziita utunda, ni za chumbani, si za kutajwa mbele za watu. Angeweza kusema "zile shanga nyekundu apewe fulani", na hakuna ambaye angemlaumu, kwa sababu kweli ni shanga. Akasema kidani. Mimi nimezaliwa na kukulia Tanga, mama yangu na mashangazi zangu walikuwa wakivalishana mbele yangu, na sikumbuki hata mmoja akikiita kidani kitu ambacho hakukivaa siku aliyotaka kutazamwa. Alikipa kitu chako jina la heshima, tena alikitaja kwanza, kabla ya dhahabu. Mtu anayekata roho haanzi na kisicho na thamani kwake.

Umenitumia picha yake, na ninakushukuru kwa kuipiga karibu. Nimeikuza hadi nikaona matundu. Tazama tena punje ya tatu kutoka kwenye lile tone la fedha. Tundu lake si duara, limelika upande mmoja likawa kama yai. Huo ni uzi uliofanya kazi miaka mingi, ukisugua palepale kila shingo ilipogeuka. Tazama na rangi: punje za nyuma, zinazokaa kisogoni chini ya nywele, ni nyekundu kuliko za mbele. Za mbele zimepauka. Zimekula jasho, manukato na jua. Shanga zinazokaa bwetani hazipauki hivyo. Hiki ni kitu kilichovaliwa.

Kama ni marijani au ni kioo, picha haitoshi kusema, ila nitakupa njia ya kujua bila kukiharibu. Marijani nyekundu si tumbawe la miamba yetu. Kiswahili kimelitenga hilo vizuri mno: matumbawe ni ya kuchomea chokaa na kujengea nyumba, marijani ni ya shingoni, na ile nyekundu hasa hutoka Bahari ya Kati, ambako mji wa Torre del Greco karibu na Napoli umeishi kwa kazi ya marijani kwa karne kadhaa. Kufika Pangani ilikuwa imeshapita mikono ya wafanyabiashara wengi. Neno lenyewe tumelipata kwa Waarabu, nasi tukalipenda hadi tukawapa watoto wetu wa kiume kama jina. Marijani Rajabu, yule mwimbaji wa Dar es Salaam, alilibeba hadi alipofariki mwaka 1995.

Sasa chukua tochi ya simu uchungulie ndani ya tundu la punje iliyolika. Ikiwa nyekundu hadi ndani, na ukiishika ni baridi na nzito kuliko ulivyodhani, yaelekea ni marijani. Ikiwa ndani ni nyeupe kama ganda la yai na wekundu umekaa juu tu, hiyo ni shanga ya kioo, ile iliyoitwa samisami. Nakuomba usiichovye kwenye ndimu wala siki kama watu wanavyoshauriana. Marijani ni mfupa wa mdudu wa baharini, ni chokaa ile ile, na tindikali huila.

Na ikiwa ni samisami usivunjike moyo. Zilitengenezwa Venisi, zikashushwa Unguja, na misafara iliyotoka Bagamoyo na Pangani kwenda bara haikuthubutu kuondoka bila ya hizo, kwa sababu ndizo zilizonunua chakula njiani. Richard Burton, Mwingereza aliyekwenda hadi Ziwa Tanganyika kati ya 1857 na 1859, aliandika majina ambayo watu walizipa shanga hizi nyekundu. Moja lilikuwa na maana ya kimaliza-chakula, kwa kuwa mtu alikuwa radhi kutoa mlo wake azipate. Jingine lilikuwa na maana ya kivunja-mji, kwa kuwa wake walizitaka hadi waume wakafilisika. Kitu cha kutupwa hakipewi majina hayo. Na kule kaskazini ya Kenya, mwanamke wa Kisamburu aliyeolewa alitambulikana kwa mporo, mkusanyiko wa singa za mkia wa mnyama na shanga nyekundu shingoni. Ungempa mkufu wa dhahabu badala yake, sidhani angekubali.

Wewe ni Mwislamu kama mimi, basi nikukumbushe kidani kinachojulikana kuliko vyote katika dini yetu. Kilikuwa cha Bibi Aisha, radhi za Mungu ziwe juu yake, nacho kilikuwa cha shanga, mawe yenye mistari kutoka Yemen. Hakikuwa cha dhahabu. Kilipotea safarini, na Mtume, rehema na amani zimshukie, akausimamisha msafara mzima kitafutwe, mahali pasipo na maji. Watu wakanung'unika, Abubakari akaja kumkemea binti yake. Asubuhi ikashuka aya ya kutayamamu, na ngamia alipoinuliwa, kidani kilikuwa chini yake. Kuna riwaya inayosema kwamba hakikuwa hata chake, alikuwa amekiazima kwa dada yake Asmaa. Kila ninapolisoma hilo huwafikiria hao ndugu wawili: mmoja amempa mwenzake kitu chake avae, mwingine amekipoteza, na jeshi zima limesimama jangwani, na hatusikii popote kwamba waligombana.

Haya, tuje kwa dada yako, na hapa sitamtetea.

Kosa lake ni kuchukua palepale. Mali ya marehemu haiguswi kwa namna hiyo. Hutangulia gharama za mazishi, yakafuata madeni, ukafuata wasia, na mwisho ndiyo mirathi. Wasia nao hauvuki theluthi ya kilichobaki. Kwa kuwa nyote wawili ni wajukuu wa upande wa binti, na watoto wa Bibi, mama mkubwa na mjomba wako, wapo hai, wewe na dada yako si warithi. Hamna fungu. Mlichonacho ni wasia tu. Na wasia, mwanangu, uliwekewa watu kama wewe hasa: mtu aliye karibu moyoni na mirathi haimfikii. Bibi alijua mama yako ametangulia na kwamba kwa hesabu ya fungu ungeondoka mikono mitupu. Alitumia ile theluthi yake kukufikia. Ukitaka kujua kama alikupenda, usiache kulitazama hilo.

Kwa hiyo hatua ya kwanza si mahakama. Ni mjomba. Mwombe awakusanye wewe, dada na mama mkubwa, nyumba na minazi ya Bibi vithaminiwe na vitu hivi viwili vipimwe, ionekane kwamba vinaingia ndani ya theluthi. Vikiingia, kila mmoja atachukua chake mbele ya mashahidi, na cha dada yako kitaacha kunuka unyang'anyi. Vikizidi, vitapita tu kama mama mkubwa na mjomba wataridhia. Kama hamtaelewana, nendeni kwa sheikh mnayemwamini au kwa kadhi wa wilaya awapigie hesabu, na Mahakama ya Mwanzo iwe ya mwisho kabisa.

Najua kinachomkera mume wako, hata kama hukukiandika. Aliyeisikia kauli ya Bibi ni mama mkubwa peke yake, na kizito kwa mizani kimeangukia kwa binti yake. Hilo si dogo na si dhambi kulitaja. Lakini fikiri. Kama mama mkubwa angetaka kudanganya, kauli nyepesi kuliko zote ingekuwa "vyote ni vya binti yangu", na hakuna ambaye angempinga. Badala yake amekuletea maneno yaliyokutanguliza wewe. Pia kuna wengine wa kuuliza. Bibi alikuwa na somo yake, alikuwa na shoga zake waliosukana nywele, na mji mdogo kama Pangani hauwezi kuwa umewamaliza wote. Nenda kwa mmoja wao na picha ya kidani. Usimuulize nani alistahili nini. Muulize, "Hiki alikuwa akikiitaje?" kisha nyamaza.

Uliniuliza pia, pembeni kabisa, kama lile tone la fedha ni hirizi, kwa sababu mume wako anaogopa shirki. Likiwa na kifuniko, huenda ndani mna karatasi ya aya. Masheikh wamehitalifiana juu ya kuvaa aya mwilini, basi mpelekee mmoja unayemwamini alifungue yeye. Msilifungue kwa bisibisi jikoni. Bila karatasi litabaki tone la fedha, nalo ni pambo halali kama bangili yako.

Kuhusu dhahabu ya dada yako, neno moja tu, na ukipata nafasi umpelekee kwa wema. Pauni ile kama ni halisi ina uzito wa karibu gramu 8, karati 22, kabla hujapima mkufu wenyewe. Asiiache kwa fundi bila kuipima mbele yake na kuandikiana. Mimi niliwahi kupeleka mkufu wa marehemu mama kuungwa mahali palipokatika, nao ulirudi umeng'arishwa vizuri na umepungua gramu mbili. Sikuwa na karatasi. Hadi leo nikiuvaa nahisi pale palipopungua, ingawa gramu mbili hazihisiki.

Kidani chako nacho kinahitaji fundi, tena mapema, maana katika picha naona uzi umeanza kutoa nyuzinyuzi karibu na kishikizo. Kamba hukatikia pembamba, na punje ikidondoka kwenye daladala ya Mbagala hutaiona tena. Kinatakiwa kutungwa upya. Neno hilo nalipenda kuliko yote katika habari hii. Twatunga shanga, twatunga samaki ujitini, twatunga shairi, na mimba nayo hutunga. Kila mara ni vitu vilivyokuwa mbalimbali vikipitishwa uzi vikawa kimoja. Kinyume chake ni kutungua, neno ambalo siku hizi tumelibakizia maembe na ndege za vita.

Usimwachie fundi kazi hiyo akaifanye uani peke yake. Mwandikie dada yako ujumbe, usipige simu asiyoipokea. Usimwandikie habari ya mkufu hata kidogo. Mwambie kidani cha Bibi kinakatika uzi na unahitaji mtu wa kushika upande wa pili. Mlikuwa mnalala kitanda kimoja likizo za Pangani, umeandika mwenyewe. Nunueni uzi wa hariri, usiwe nailoni, kwa sababu hariri ni laini na matundu ya punje zenu yameshalika. Mfunge fundo kila baada ya punje moja au mbili, ili ukikatika tena zisimwagike zote. Za kisogoni, zile nyekundu zaidi, zirudi kisogoni na zilizopauka zirudi mbele, kama alivyozivaa. Zihesabuni kabla ya kukata uzi wa zamani, kila mtu ahesabu kwa sauti yake, na uzi wenyewe msiutupe.